Mkwe Wangu Ana Koti la Pili la Joto

Pikipiki ya mkwe wangu ilikuwa imeshapinda kona ndipo mwanangu akafungua kiganja.

Kulikuwa na fyuzi. Kadude kadogo, ukubwa wa punje ya hindi.

"Hii ya nini?" nikamuuliza.

"Ya pikipiki ya mume wangu. Nimeitoa."

"Sasa mahali pake umeweka nini?"

"Waya wa shaba."

Alisema hivyo huku anapuliza chai. Sauti haipandi…

Wajukuu zangu wa humu mtandaoni, mimi nimezika watu, nimezalisha watu, na niliwahi kukimbizwa na ng'ombe dume nikiwa na mimba ya huyu huyu. Sikuwahi kuogopa siku zote hizo kama nilivyoogopa mbele ya kile kikombe cha chai.

"Mwanangu, kuna mtu ataungua."

"Ndiyo maana yake, Mama. Si anapenda joto? Nampasha."

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, msije mkasema bibi ameanza kuweweseka.

Mkwe wangu ni fundi wa minara ya simu. Kila alfajiri anapanda mlima kwa pikipiki, anavuka upande wa pili, jioni anarudi. Baridi ya kule juu si ya kutania. Ukungu umejikalisha barabarani kama mwenye hati ya kiwanja. Alikuwa anarudi vidole havikunjiki, mkewe ndiye anamfungua vifungo.

Mimi niliona ni jambo zuri kwa ndoa, nikanyamaza.

Siku moja akapata koti kwenye mitumba. Koti lenye nyaya ndani ya bitana. Unalichomeka kwenye betri ya pikipiki, linakupasha mgongo na kifua kama umekumbatia chungu cha uji. Bitana lilikuwa limechanika, akaniletea nilishone, maana cherehani yangu ndiyo pekee mtaani isiyonung'unika.

Akanionyesha na ile fyuzi, inakokaa chini ya kiti.

"Mama, huyu ndiye mlinzi wangu. Umeme ukizidi anakatika yeye kwanza. Baridi nitaipata, ila mgongo nitarudi nao."

"Na asipokuwepo?"

"Waya unachemka. Inaanza plastiki, linafuata koti, namalizia mimi." Akacheka. "Na hii pikipiki yenyewe ndogo, Mama. Ina nguvu ya taa na koti moja, basi."

Mwanangu alikuwa pembeni anamenya viazi. Kisu kinakwenda, masikio yako kwetu.

Mwezi haukupita, fyuzi zikaanza kuungua. Mwanangu akifua suruali za mume, anakuta fyuzi mfukoni zimekuwa nyeusi kama punje zilizoliwa na wadudu. Koti ni lile lile. Pikipiki ni ile ile. Nini kimezidi?

Mimi ndiye niliyeona.

Nilikuwa nafuta tope kwenye pikipiki, maana anaiegesha karibu na kamba yangu ya nguo. Nikapitisha kitambaa chini ya kiti cha abiria… nikagusa soketi ya kuchomekea koti. Mpya. Ya pili.

Mtu anayekwenda kazini peke yake ana soketi ya abiria ya nini?

"Mkwe, na hii?"

"Ya akiba, Mama."

Akatazama viatu vyake. Nikavitazama na mimi, nikidhani labda jibu limeandikwa kule.

Hapo ndipo ningefunga mdomo wangu. Lakini huu mdomo hauna kitasa. Mchana nikamwambia mwanangu kwa utani tu, "Mumeo ana abiria msikia baridi. Ungemshonea na soksi huyo dada."

Nikacheka mwenyewe.

Yeye hakucheka. Alikuwa anaosha sahani. Akaendelea kuosha sahani ile ile… mpaka nikaondoka.

Sasa turudi kwenye chai.

Nilipiga simu ya mkwe. Haipatikani. Mtu anayewatengenezea watu wote mtandao, yeye ndiye hapatikani.

Ningemwita mzee wangu anisaidie, lakini naye alikuwa ametoka mapema kwenda kucheza drafti. Tangu astaafu, drafti ndiyo ofisi yake. Simu huiacha chini ya mto.

Nikakaa karibu na mwanangu. Nikamwuliza taratibu, kama unavyomwuliza mtu aliyesimama ukingoni.

"Zile soketi mbili, nyaya zake zinatokea wapi?"

"Chini ya kiti."

"Kwenye fyuzi ngapi?"

"Hiyo hiyo moja."

"Basi anayekaa nyuma na anayeendesha wamechomeka mahali pamoja, mwanangu. Ukimpasha mmoja umepasha wote."

Kikombe kikasimama hewani.

Hakuwa amelifikiria hilo, alimlenga yule dada wa nyuma tu. Hasira ilimpa akili ya nusu ya kwanza tu, ile nusu nyingine ikabaki nyumbani.

"Mama… na tangi la mafuta liko pale pale."

"Vaa viatu."

Kona ya mtaa huwa kuna dereva wa bodaboda tunamwita Breki, kwa kuwa hana. Tulimkuta anafuta kioo.

"Bibi, wapi mapema hivi?"

"Mlimani. Na usiniulize tena."

"Wote wawili? Huo ni mshikaki."

"Wewe choma."

Tukapanda. Mimi katikati, mwanangu nyuma, shali moja watu wawili. Tulipoacha nyumba za mwisho baridi ikaanza kututafuna magoti. Nilikuwa nasikia moyo wa mwanangu unagonga mgongoni kwangu, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Juu zaidi ukungu ukatufunika. Breki akapunguza mwendo, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya.

"Bibi, mnasikia harufu?"

Tulikuwa tunaisikia.

Plastiki.

Mbele kidogo, katikati ya barabara, kulikuwa na glavu moja imelala. Mwanangu akaruka kabla pikipiki haijasimama, akaiokota. Ya mumewe. Ilikuwa baridi, nzima nzima, haina mtu.

"Mume wangu…"

Sauti ile sitaki kuisikia tena. Wala sikuwa najua kama analia kwa kumpenda au kwa kujiogopa. Nadhani vyote.

Tukatembea. Kwanza tukaona moshi mwembamba. Halafu pikipiki imelazwa ubavu kwenye nyasi, kiti kimeng'olewa. Halafu mkwe wangu, amesimama, mzima! Anamwaga maji ya kunywa juu ya nyaya, moto usifike kwenye tangi. Koti lake liko chini, bitana nililolishona mimi limekuwa kama ngozi ya samaki aliyesahauliwa jikoni.

Na pembeni yake, amepiga magoti, ametupa mgongo, kuna mtu. Koti la pili. Helmeti kichwani. Mgongoni koti limetoboka, na moshi unatoka kwenye tundu.

Mwanangu alimpita mumewe kama hajamwona.

"Huyu ndiye?" alisema. "Wewe ndiye? Geuka nikuone."

"Mke wangu, subiri," mkwe akasema.

"Geuka!"

Yule mtu akavua helmeti polepole.

Kipara.

Kipara ninachokijua. Nimekipaka mafuta tangu kilipokuwa nywele.

"Mzee," nikasema, "drafti imehamia huku?"

Meno yake yalikuwa yanagongana, si kwa baridi.

Mwanangu alibaki amenyoosha kidole, hajui akirudishe wapi. "Baba?"

"Mwanangu, nisaidie kuvua hili koti, zipu imekwama. Mgongo wangu umeshika moto."

Tukamvua. Sitawaeleza nilichokiona, wengine mnasoma mkiwa mnakula. Lakini niliona mistari, imefuata waya, kama mtu aliyechomwa na wavu wa kuokea.

Mwanangu aliona pia. Akakaa chini kwenye nyasi zenye umande, akaziba mdomo kwa ile glavu.

"Ulikuwa unakwenda wapi?" nikamwuliza mume wangu.

Akang'oa jani la nyasi.

"Mkwe, alikuwa anakwenda wapi?"

Mkwe akatazama viatu. Na mimi safari hii sikusubiri. Kulikuwa na mfuko begani kwa mzee, nikauvuta, nikaufungua. Nilitarajia chupi ya mwanamke, chupa ya konyagi, kitu cha aibu ya kawaida.

Vilikuwa viatu vya shule. Vyeusi. Vidogo.

"Vya nani hivi, Baba?" mwanangu akauliza.

Mzee wangu alifumba macho.

"Vya mdogo wako."

Ukungu ulikuwa unapita katikati yetu. Breki, ambaye hakuhusika na lolote, alivua kofia.

"Alinikataza kusema, Mama," mkwe wangu akasema. "Ni baba mkwe. Akiniambia 'nipandishe', nitamjibu nini? Alikuwa ananitetemekea huko nyuma, nikaona atanifia njiani. Ndipo nikamtafutia koti."

Kisha akainama, akachomoa kitu pale inapokaa fyuzi. Ule waya wa shaba. Ulikuwa umegeuka bluu kwa moto. Akautazama. Akamtazama mkewe. Fundi hahitaji kuambiwa.

"Na mimi nilikuwa nimechomeka," alimwambia.

"Najua," mwanangu akasema. "Nimejua nikiwa nakunywa chai."

"Kama ningekuwa kwenye mteremko?"

Mkwe akautia waya mfukoni. Hakupiga kelele, hakutukana. Ningependa angetukana.

Sasa sikilizeni ubaya wa dunia. Mtu ameungua, anatakiwa kufika hospitali. Na hospitali ya karibu kutoka pale haikuwa ya kwetu. Ilikuwa ya upande wa pili. Upande *wake*, mama wa mwenye vile viatu.

Breki akampakia mzee kifua mbele, mgongo hewani, mimi nyuma nimemshikilia kiuno. Ndiyo, mimi. Nani mwingine angemshika? Mwanangu na mumewe walibaki mlimani na pikipiki iliyoungua, na mazungumzo yao sikuyasikia. Najua tu kwamba walirudi kwa miguu, na kwamba tangu siku ile mkwe wangu analala sebuleni, na fyuzi haikai tena kwenye pikipiki aliyoitengeneza upya. Anaibeba kwenye mfuko wa shati. Akitaka kuondoka ndiyo anaichomeka, mwenyewe, akiwa ameegemeza mgongo ukutani.

Hospitalini walimlaza kifudifudi. Mji ule ni mdogo, habari zikatembea. Haukupita muda, mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamke mwenye aproni ya unga, anahema, amemshika mkono mtoto wa kike aliyevaa sare. Miguuni malapa. Yule mtoto alikuwa na paji la uso la mume wangu. Lote, mpaka ule mkunjo.

Nesi akainua kichwa. "Mke wa mgonjwa ni nani?"

"Mimi," nikasema.

"Mimi," akasema.

Nesi akatazama mgonjwa. Mgonjwa akaingiza uso kwenye mto.

Niliinama, nikamvalisha yule mtoto viatu. Vilimtosha. Mzee anajua vipimo vya kila mtu isipokuwa vyake.

"Shikamoo, Bibi," mtoto akaniambia.

Nikaitikia. Salamu haina kosa.

Mnaosoma, najua mnasubiri funzo, hampendi kuondoka mikono mitupu. Haya. Mimi niliona soketi moja chini ya kiti, nikaunda mwanamke mzima, nikampa na miguu ya kuvishwa soksi. Nikamkabidhi mwanangu, naye akamtafutia moto. Tungemwuliza mkwe mara ya pili, tukakataa kile kijibu cha kutazama viatu, mgongo wa mtu usingechoreka na ndoa ya mwanangu isingelala sebuleni. Ukishuku, uliza mpaka ujibiwe. Usimpe mwenye hasira habari ya nusu, ataijaza mwenyewe, na atakachojazia si maji.

Na nyie mnaopeleleza nyumba za watoto wenu… hesabuni kwanza waliolala kwenu.

Mzee amerudi nyumbani. Nilitaka abaki kule, lakini yule mwenzangu amesema yeye ana mkate wa kuoka na mtoto wa kusomesha, hana muda wa kupaka mtu dawa. Tumeelewana sana mimi na yeye, kuliko mzee anavyopenda.

Kwa hiyo dawa napaka mimi. Asubuhi na jioni. Analala kifudifudi, hanioni, anasikia tu mlango, halafu kifuniko cha chupa kinafunguka, halafu mimi nimesimama pale juu ya ule mgongo… kimya.

"Mke wangu," huwa anauliza, "leo umeamkaje?"

Sijawahi kumjibu.