Simu ya Fundi Bomba

"Kata zote. Usiniachie hata za kushika kitana."

"Zote kabisa, Koplo?" msusi aliuliza, mashine ikinguruma mkononi. "Nywele nilizozilea mwenyewe miaka yote hii?"

"Jeshini hawataki mbwembwe. Kata, shoga yangu. Kesho asubuhi niko kwenye basi."

Wakacheka. Koplo lilikuwa jina la utani alilopewa nyumbani siku alipochaguliwa kwenda mafunzo ya uaskari. Msusi alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana, na ndiye aliyemletea habari kwamba jeshi linachukua vijana. Mchumba wake, mwalimu wa mazoezi aliyejulikana mtaa mzima kama Kocha, ndiye aliyemkimbiza kila alfajiri mpaka pumzi zikakaa sawa. "Ukirudi tu, ndoa," alimwahidi, akamvisha pete.

Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umebaki ngozi tupu, msusi akatoka uani kumwaga ndoo, maana bomba la saluni lilikuwa linavuja. Simu yake ikaita mezani.

"Shoga, Fundi Bomba anapiga! Nikupokelee?"

"Acha! Usipokee, nakuja!"

Kidole kilikuwa kimeshabonyeza. Simu ilikuwa imeunganishwa na spika ya muziki, sauti ikajaa saluni nzima.

"Mpenzi, umeshamnyoa huyo askari wako? Kesho basi likiondoka tu, nahamia kwako. Nimechoka kumkimbiza mtu alfajiri kama mbuzi wa mnada! Ila hilo wazo lako la jeshi, mama, kiboko. Angebaki hapa ningemwachaje, na mama yake ananiita mwanangu?"

Haikuwa sauti ya fundi. Hii Koplo angeitambua hata usingizini.

"Amenimaliza upande mmoja, Kocha," alisema taratibu. "Huu mwingine unakusikiliza."

Simu ikakatika. Msusi alikuwa amesimama mlangoni na ndoo tupu.

"Shoga, nisikilize..."

"Tangu lini?"

"Ilitokea tu, sikupanga..."

"Nimekuuliza tangu lini."

"Kabla hajakuvisha pete."

Koplo akakumbuka siku ile ya pete: msusi ndiye aliyepiga vigelegele kuliko wote. Akavua kitambaa shingoni, akakikunja vizuri, akakiweka kwenye kiti.

"Basi ngoja nikumalizie kichwa," msusi alisema huku analia. "Utapitaje mtaani hivyo?"

"Nitapita. Wewe ndiye wa kujifikiria utapitaje."

Alipita. Wengine walicheka, wengine waliuliza, yeye akaenda moja kwa moja mpaka nyumbani. Mama yake alikuwa chumbani anamkunjia soksi kwenye begi. Alipomwona, soksi zikamponyoka.

"Mwanangu! Nani kakufanya hivi?"

Akamweleza yote. Mama alimkalisha chini, akachukua mkasi na wembe, akaanza kunyoa zilizobaki. Hapo ndipo Koplo alipolia, mabega yakitikisika mpaka mama akalazimika kusimamisha wembe.

"Tulia nisikukate. Umeshakatwa vya kutosha."

Ujumbe ukaingia kwenye simu ya Koplo: *Nisamehe kipenzi. Shetani tu. Usiende jeshini, tufunge ndoa mwezi huu huu.* Kabla hajaufuta, mwenyewe akabisha hodi.

"Mama, shikamoo," Kocha alisema, macho chini.

"Marahaba. Simama hapo hapo. Wanangu ndio wanaoingia ndani."

"Kipenzi, nimekosa," alimgeukia Koplo. "Yule alinishawishi. Baki, nitakuoa kesho ukitaka."

"Kwenye simu alikuwa mpenzi, sasa hivi amekuwa yule? Ndivyo utakavyoniita na mimi mbele ya wa tatu?"

"Kwa hiyo unaenda? Jeshi lenyewe tulikutafutia sisi ili uondoke!"

"Mlinionyesha mlango, kweli. Lakini aliyekimbia ni mimi, na aliyefaulu ni mimi." Akaivua pete, akamwekea kiganjani. "Mpelekee. Ikimbana, aipake mafuta, saluni yapo."

Mama akafunga mlango. Nje, Kocha alisikika akiita mara mbili, kisha hatua zake zikapotea.

Asubuhi kituoni, mama alimshika mashavu.

"Unaenda kwa hasira, mwanangu?"

"Hasira ninayo, mama. Lakini naenda kwa sababu nataka."

"Basi nenda. Ukichoka, piga simu. Nitapokea mwenyewe."

Basi likaondoka. Koplo alijikaza mpaka mama alipotoweka nyuma ya majengo, ndipo machozi yakamshinda. Pembeni yake alikaa binti mwenzake, kichwa nacho kipara, naye anaenda huko huko. Akampa leso.

"Pole, dada. Unamlilia mchumba?"

"Huyo nilimmaliza jana," Koplo alijibu, akijifuta macho. "Namlilia rafiki yangu."