Kitanda cha Kurudi

Nilikuwa nimeahidiwa barafu tangu Krismasi, na nilitaka kuichagua mwenyewe.

Ndiyo maana nilipanda ngazi za ofisi ya usafiri ya Naswa Jumatano saa kumi na mbili na robo jioni, wakati ambapo wenzake wa jengo lile wanashusha milango. Joto la Kisumu lilikuwa limenipika mchana kutwa, na wadudu wa ziwa walikuwa wameanza kujazana kwenye vioo. Mkobani nilikuwa na ujumbe wa binti yangu Akello, mfamasia kule Seattle. Aliniandikia hivi: "Mama, chagua meli na njia. Nitafuata utakachosema." Hiyo ndiyo tabia yake tangu utotoni. Ni mtoto wangu wa pekee, na hajawahi kunikatalia kitu.

Mimi ni Jacinta, muuguzi mstaafu. Nimefanya kazi wodini miaka ishirini na minane, na nimefumba macho ya watu wengi kuliko padri yeyote hapa mjini. Watu wanaodai wameona mashetani huwa wananichosha. Wengi wao ni malaria.

Mlango ulikuwa wazi. Naswa hakuwepo.

Kwenye kiti chake alikaa mwanamume aliyevaa koti zito lililofungwa vifungo hadi shingoni. Koti! Kisumu! Nilikaribia kucheka.

"Naswa ametoka kidogo," alisema kwa sauti ya chini. "Keti, Mama. Ni ile safari ya barafu?"

Nilikaa. Harufu ikanifikia... dagaa za omena zilizoanikwa siku isiyo na jua. Nilidhani inatoka sokoni.

Lazima niseme ukweli, alikuwa anaijua kazi yake. Alitandaza picha mezani, akanipa muda wa kuzitazama. Niliuliza maswali yangu yote na hakubabaika hata kwa moja.

"Iko kampuni mbili zinaweza kukufaa," alisema. "Ya kwanza iko na meli kubwa. Watu elfu tatu, chakula mingi, muziki mpaka asubuhi. Lakini inasimama mbali, barafu unaiona kama ukuta tu. Ya pili ni ya meli ndogo. Watu sabini. Hiyo inaingia ndani ya ghuba kabisa."

"Mtu anasikia barafu ikivunjika?"

"Unasikia kwa mifupa, Mama."

Nikachagua ndogo. Sijawahi kupenda umati. Akaniambia mwezi wa tano ni bora kuliko wa tisa, maana mvua ni kidogo na theluji bado iko milimani. Akaniambia nisichukue kabini ya chini karibu na injini. Nilianza kumpenda yule mtu, harufu na yote.

"Sasa njia," alisema. "Meli inapanda kaskazini Alaska siku saba. Halafu inageuka, inarudi kusini siku saba. Wengine wanaenda nayo na wanarudi nayo. Wengine wanaenda tu, wanashukia huko juu."

"Sisi tuko wawili, na wote tunarudi nayo."

"Kurudi imebaki kitanda kimoja."

Tone.

Nilitazama dari. Ilikuwa kavu.

Tone... tone...

Maji yalikuwa yanatoka kwenye mkono wa koti lake. Chini ya kiti palikuwa na dimbwi, na ndani ya dimbwi kulikuwa na jani la gugumaji, bichi.

"Bwana, umelowa," nilisema.

Hakujiangalia. Aliniangalia mimi.

"Hujakumbuka sauti yangu, Mama Akello?"

Nilikumbuka.

Miaka minne iliyopita mume wangu, Owiti, alitoka ufukwe wa Dunga kwa mashua na hakurudi. Mashua ilipatikana imepinduka. Sasa, kwetu Wajaluo, mtu aliyezama asipopatikana hazikwi hivihivi kwa maneno. Tunachuma tunda la mti wa yago, refu na zito, tunaliweka kaburini badala yake na kulilia kama mwili. Kaburi likishafunikwa, huyo mtu amezikwa. Kwa hiyo watu hawana haraka nalo. Wanatafuta kwanza, wanangoja mpaka matumaini yaishe.

Siku ya nne simu yangu ililia. Mvuvi kutoka kisiwani, sauti ya chini. "Mama, kuna mtu tumemtoa kwa maji. Anapumua lakini haongei. Pete yake imeandikwa Jacinta."

Nikamjibu, "Mume wangu amekufa." Nikakata. Nikaifungia ile namba.

Siku ya sita, Jumamosi, nikazika yago.

Mama mkwe wangu, Ajwang, alipiga magoti mbele ya watu akiniomba niliachie ziwa wiki mbili zaidi. Nilimwambia asimame, anachelewesha watu kurudi kazini.

Sitadanganya. Owiti hakuwahi kunipiga wala kulewa. Nilikuwa nimemchoka tu. Miaka thelathini ya mtu yuleyule mezani, akinisimulia mambo yaleyale. Nilipoambiwa amepotea nilihisi nimeshushwa mzigo kichwani, na nilipoambiwa amepatikana nilihisi mtu anataka kunitwika tena. Nilikataa. Nimeishi na hilo vizuri kabisa, nalala, ninakula.

Mpaka jioni ile.

"Alikufa?" niliuliza kwa mnong'ono.

"Si saa hiyo. Alianza kupata nafuu. Ijumaa alikunywa uji, alikuwa anaangalia mlango. Jumamosi saa nane mchana akaanza kutapika udongo."

"Udongo gani?"

"Mwekundu. Sisi kule kisiwani hatuna udongo mwekundu, Mama."

Tulimzika saa nane mchana. Boma letu liko Seme, na udongo wake nimeufagia miaka thelathini. Ni mwekundu.



"Alitapika mpaka akaisha," alisema taratibu. "Tukataka kumleta nyumbani. Kaburi lake likawa na mwenyewe tayari. Tukamrudisha kwa maji. Hata mimi nilimfuata, wiki ileile, mashua yangu ikapinduka hewa ikiwa imetulia." Akakunja mkono wa koti, maji yakamwagika mezani, juu ya picha za barafu. "Hana pa kulala. Yuko peke yake. Anataka mtu wa nyumba yake."

"Na barafu inahusu nini?"

"Maji yetu ni ya moto. Mtu anavimba, anapanda juu, watu wanampata, wanamchukua. Kule baridi haimwachilii mtu kupanda. Atawafuata huko, maji yote ni njia yake. Atakaa na yule asiyerudi, bila kusumbuliwa."

Nimesoma hayo chuoni. Ni kweli. Hilo ndilo lililoniogopesha kuliko yote, kwamba hakuwa ananidanganya.

"Nikikataa kusafiri?"

"Ziwa liko hapo chini ya barabara. Hata bafu yako iko na maji. Leo unapewa kuchagua, Mama. Wengine hawapewi."

Akasukuma karatasi mbele yangu. Mistari miwili tu. Wa juu: Kwenda na kurudi. Wa chini: Kwenda.

Kalamu ilikuwa ya baridi.

Ningependa kusema mkono wangu ulishikwa. Haukushikwa. Ningependa kusema sikuelewa. Nilielewa kila neno. Nilimwona Akello akiwa na miaka sita, gauni la shule, akinisubiri nje ya wodi na yai la kuchemsha alilonibakishia. Nilimwona waziwazi hivyo. Machozi yalinitoka, ya kweli.

Kisha nikaandika jina langu mstari wa juu.

"Na wa pili?" alinong'ona.

Nikaandika.

Akaichukua karatasi, akaikunja taratibu, akaiweka ndani ya koti. Nilifumba macho. Nilisikia maji yakishuka ngazi, hatua kwa hatua, bila viatu.

"Mama? Umeingia aje?"

Alikuwa Naswa, amesimama mlangoni na mfuko wa nyanya za soko la Kibuye mkono mmoja, funguo mkono wa pili. "Nimefunga hii mlango saa kumi na moja. Niko na ufunguo peke yangu." Akatazama sakafu. "Na hii maji yote?"

Alikwenda nyuma ya meza, akagusa kiti, akaufuta mkono kwenye sketi. Alibaki amesimama akiwasha kompyuta.

"Basi tufanye kazi yako haraka niende nyumbani." Akasogeza uso karibu na kioo. "Mama, hii safari yenu imeshaingizwa. Saa hii hii. Meli ndogo, mwezi wa tano. Nani ameingiza?"

"Nani anaweza?"

"Hakuna. Ni mimi tu." Akasoma tena. "Wewe unaenda na kurudi. Akello anaenda tu, hakuna kurudi. Lakini ni kweli kitanda kimebaki kimoja, hata hapa inaonyesha. Pengine ni kampuni yenyewe imejaza." Hakuonekana kuamini maneno yake. "Si mbaya. Atashukia huko juu apande ndege. Ama nigeuze? Akello arudi na meli, wewe ushuke. Ni dakika moja tu. Nikishabonyeza hapa, majina hayabadiliki tena."

Simu yangu ililia. Naswa aliona jina, akaniwekea sauti nje, akitabasamu kidogo kwa mara ya kwanza.

"Mama! Umechagua?"

"Nimechagua."

"Meli gani?"

"Ile ndogo. Inaingia mpaka kwa barafu." Nilisikia sauti yangu, tulivu, sauti ya wodini. "Lakini kurudi kumebaki kitanda kimoja. Mmoja wetu atashukia huko juu."

"Basi nitashuka mimi," Akello alisema, hata hakufikiri. "Wewe rudi na meli, upumzike. Mimi nimezoea ndege. Mama, nimefurahi! Sijaamini tutaenda kweli."

Naswa alikuwa ameweka kidole juu ya kitufe. Alininong'oneza, "Nigeuze majina, Mama, ama niache hivyo?"

Nilikuwa na dakika ile nzima. Hakuna aliyeniharakisha. Dirishani wadudu waligonga kioo, kidogo kidogo, na chini ya meza viatu vyangu vilikuwa vimelowa.

"Acha hivyo," nilisema.

Akabonyeza.

Akello bado alikuwa kwenye simu. Alikuwa ameshafungua duka la nguo za baridi mtandaoni, na alikuwa ananiuliza navaa saizi gani ya koti, kwa sababu hataki mama yake asikie baridi.