Koili Iliyohesabiwa kwa Mdomo

Mashine ilikuwa ya moto kabla haijachomekwa kwenye umeme. Mtu mwenye akili angejiuliza. Lakini aliyeigusa ni Fundi Najua, na huyo tangu azaliwe hajawahi kujiuliza kitu.

Ilikuwa mashine kuukuu ya kusuka koili za gitaa la umeme, zile za waya mwembamba kuliko unywele, zinazokaa chini ya nyuzi na kunasa sauti. Mjane aliyemuuzia alimwonya: "Marehemu akiiwasha, humu ndani hata kukohoa marufuku. Usiongee ikizunguka, baba. Ina mwenyewe."

"Najua," akasema fundi, huku anacheka. Alijua nini? Hakuna.

Kihesabio cha mizunguko kilikuwa kimekufa. Fundi wa kweli angekitengeneza kwanza. Yeye akamwita mkewe, mwalimu wa chekechea, mwanamke ambaye sauti yake ndiyo kazi yake.

"Mama Mapacha, kaa hapo. Kila gurudumu kubwa likimaliza duara, taja namba. Kwa nguvu, nisikie. Mpaka mia tano."

"Mia tano! Kwani mimi mita ya umeme?"

"Hesabu, acha maneno."

Akahesabu. Kwenye mia mbili ikaanza kunuka vanishi iliyoungua. Kwenye mia tatu sauti ikakwaruza.

"Baba Mapacha, koo linakauka."

"Meza mate."

Kwenye mia tano midomo yake ilicheza, na hakikutoka kitu. Unadhani bwana mkubwa aliinua hata kichwa? Alikuwa anafunga koili yake kwenye gitaa, apate kujisifu.

Akawasha spika. Hajagusa uzi hata mmoja, mchana kweupe, mlango uko wazi, watu wanapita na mikate yao, na mle ndani ya spika ikatoka sauti ya mkewe, taratibu, imechoka, inasema mia tano na moja, mia tano na mbili, na mkewe amesimama palepale ameshika koo kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, mdomo umefumbwa, na namba zinaendelea.

Akaletwa bibi mganga. Alinusa koili, akamtazama fundi kama mtu anavyotazama kiatu kilichokanyaga uchafu.

"Jini kameza sauti," akanong'ona. "Fumua waya mzunguko kwa mzunguko, ukiwa kimya. Ukifika mwisho, mkeo ataongea. Waya ukikatika, sauti imepotea, na huyo jini atatafuta pengine pa kukaa."

"Najua, bibi. Lakini hiyo kazi ya siku nzima! Koili mbovu hukatwa tu."

Akachukua wembe. Mkewe akamdaka mkono, akitikisa kichwa, akitikisa, akitikisa. Fundi akamsukuma kwa kiwiko. Akakata.

Spika ikanyamaza katikati ya namba.

Mke akavuta pumzi ndefu. Akajifuta machozi, akajinyoosha mgongo, akafungua mdomo, na kutoka humo ikaja sauti ya mzee wa kiume, nzito, yenye adabu zote:

"Ahsante, fundi. Mle ndani chuma kilikuwa kinanibana."

Fundi akaanguka kwenye stuli. "Bibi," akanong'ona, "sasa nifanyeje?"

Mganga alikuwa ameshabeba kikapu chake.

"Fanya kazi, baba," akasema. "Mashine yako sasa haina kitu."