Aliyeonekana Mbonini

Umeme ulikatika giza likianza kuingia, kama kawaida ya Antananarivo, Voahangy akiwa ndio kwanza anapanda ngazi za mawe kwenda kwa jirani yao, Bibi Razay. Hakujali. Begani alikuwa na kamera na taa ya betri ya chuo cha upigaji picha, na kesho asubuhi alitakiwa apeleke picha moja tu: uso wa mtu, taa moja, kivuli kimoja. Asipopeleka, anarudia mwaka.

Bibi alikuwa ameketi kitandani, amejifunika shuka hadi kidevuni.

"Mjukuu wangu, unanipiga picha au unanibanika?" alicheka taa ilipowaka. Macho yake yalikuwa yamefifia siku nyingi.

Mwalimu aliwafundisha kwamba mwanga utoke ubavuni, juu kidogo ya macho. Katika chumba kile nafasi ilikuwa moja tu: pembe ya kaskazini-mashariki. Pembe ya wazee waliokufa. Voahangy alilijua hilo tangu hajaota meno. Pale hata kiatu hakiwekwi. Lakini mtihani ulishamkaba koo. Dakika tano tu, alijiambia, na Bibi hataona.

Akaisimamisha taa pale, akapiga. Akaikuza picha kwenye kioo cha kamera akague mboni, maana taa huonekana humo kama nukta nyeupe.

Nukta ilikuwepo.

Chini yake alichutama mtu.

Voahangy akageuka. Pembeni palikuwa na taa tu... na harufu ya udongo mbichi.

Akapiga tena. Sasa mtu yule alikuwa amesimama, amefungwa sanda kichwa hadi miguu, ameinamia taa kama anayeota moto.

"Mbona baridi imeingia humu?" Bibi akanong'ona. "Taa umeiweka wapi?"

Voahangy hakuweza kudanganya. "Pembe ile. Nisamehe, Bibi."

Bibi akageuzia uso kwenye pembe. Kisha akasema polepole, "Ni mume wangu. Miaka tisa hatujamtoa kaburini tumvishe sanda mpya kama mila yetu inavyotaka. Wanangu kila siku mwakani, mwakani. Nikilala tu ananilalamikia baridi. Sasa amepata joto."

"Niizime?"

"Usithubutu! Ukizima atatafuta joto jingine."

Voahangy akatazama betri. Alama nyekundu ilikuwa inapepesa. Mlango ulikuwa hatua nne nyuma yake. Alitamani kukimbia. Kwanza akapiga picha ya tatu, angalau ajue yule wa sanda yuko wapi.

Safari hii penye taa hapakuwa na mtu. Mbonini mwa Bibi alionekana Voahangy mwenyewe, kamera usoni... na nyuma ya bega lake, kitambaa kilichooza.

Kati yake na mlango.

"Bibi," alisema, machozi yakimtoka. "Yuko mgongoni kwangu."

Bibi akalifunua shuka lake, akainyoosha mikono. "Njoo huku, baba watoto," akabembeleza. "Mwache mtoto wa watu. Joto liko kwangu."

Taa ikazimika.

Voahangy alibana pumzi, akingoja nyayo zipite ubavuni mwake kuelekea kitandani. Sanda ikachakacha mara moja... halafu kimya.

"Voahangy," Bibi akaita gizani, sauti ikimtetemeka. "Huku kwangu hajafika."