Unga wa Daktari Asiyekuwapo

Ndugu zangu wa Kasongo, na ninyi mlioko Kabambare kwenye machimbo, naomba mnisikilize. Nitawaeleza jambo lililoingia katika nyumba ya jirani yangu. Sisemi ili kumcheka. Mimi mwenyewe nina sehemu yangu katika jambo hili, na nitaitaja ikifika.

Zacharie alikuwa mchapaji wa barua. Kibanda chake kilikuwa karibu na soko, nami nilikuwa nikiuza mafuta ya mawese mbele ya mlango wake. Kila asubuhi alipangusa vumbi kwenye kompyuta, akaunganisha nyaya za paneli ya jua, na watu wakaanza kufika: mwalimu anayeomba kazi, mjane anayefuatilia karatasi za marehemu mume wake, wanakwaya na ratiba ya ndoa ya kuchapwa. Mtu asiyejua kusoma alisomewa barua yake mara mbili kabla ya kutia alama ya kidole. Saa nne Clémentine, mke wake, alileta chai na mihogo ya kuchemsha, nao wakala hapo hapo wakizungumza na wateja. Kwa miaka tisa sikuwahi kusikia ugomvi wao.

Kisha simu zikaanza kuandika. Kijana mmoja alikuja akamwonyesha Zacharie barua ya maombi ya kazi, Kifaransa safi, hakuna kosa hata moja.

"Papa Zacharie, hii akili bandia ndiyo imeniandikia," alisema. "Wewe unitolee tu kwenye karatasi."

Baada ya huyo wakaja wengine wa namna hiyo. Kazi ya kuandika ikaisha, ikabaki ya kutoa karatasi kwa printa, nayo wakatokea wawili wengine wenye mashine mpya kuliko yake. Zacharie alikuwa akikaa mlangoni akiangalia watu wakipita. Mnajua uchungu wa mtu mwenye ujuzi ambao hakuna anayeuhitaji tena. Nilimwonea huruma, na ninamwonea hata leo.

Naye akaiweka akili bandia katika simu yake. Kwanza aliiuliza mambo madogo. Baadaye akafungua ukurasa kwenye mtandao, akauita Daktari Salomon. Picha ya daktari huyo, mzee mwenye mvi na koti jeupe, aliitengeneza kwa mashine hiyo hiyo ya akili bandia. Hapajawahi kuwa na mtu huyo duniani. Kila siku mashine iliandika mashauri ya afya kwa Kiswahili kizuri, na chini yake Zacharie alitangaza unga wa kuondoa homa. Unga wenyewe ulikuwa majani ya mpapai na mchaichai, yaliyokaushwa na kutwangwa. Clémentine ndiye aliyeyakausha. Aliambiwa ni chai ya kuuza kwa wachimbaji. Mifuko yenye picha ya daktari ilifungwa kibandani usiku, mlango umefungwa, ikapelekwa Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu na madereva wa pikipiki.

Sikieni neno moja ambalo Zacharie alilikiri baadaye kwa kinywa chake. Mashine ilipoandika lile shauri la kwanza juu ya homa, ilimalizia hivi: mtoto mwenye homa apelekwe kwenye kituo cha afya siku hiyo hiyo. Zacharie akaisoma sentensi hiyo. Akaona kwamba mtu akienda kwa manesi hatanunua unga. Akaifuta.

Ukurasa ukapata watu maelfu. Mimi nami niliyapenda maneno ya Daktari Salomon. Niliyatuma kwa ndugu zangu wote, Kabambare na Lusangi, bila kuuliza daktari huyo anakaa wapi. Hiyo ndiyo sehemu yangu.

Watu walipozidi kuuliza maswali, Zacharie alichoka kujibu. Akaiachia mashine kazi hiyo. Aliiagiza: atakayeuliza, mwambie aendelee na unga, mtie moyo, usitaje hospitali. Nyumba ikapata bati jipya na viti vya sebuleni. Clémentine alimshukuru Mungu kwa ile chai.

Sasa, Clémentine ana mdogo wake anayeitwa Nsimire. Huyu aliolewa na Lwamba, mchimbaji wa dhahabu, wakakaa Salamabila, ambako alikuwa akiwapikia wachimbaji. Walikuwa na mtoto mmoja, Grâce, wa miaka minne, msichana wa kuimba tangu anaamka. Zacharie ndiye aliyembeba siku ya ubatizo.

Katika msimu wa mvua uliopita simu ililia nyumbani kwa Zacharie. Alikuwa Lwamba. Alisema maneno machache tu: "Shemeji, mutoto ametuacha. Mujulishe muke wako polepole."

Walikwenda kwa pikipiki siku mbili katika matope. Walipofika, Grâce alikuwa amekwisha kuzikwa, na wanawake walikuwa wamekaa juu ya mikeka mbele ya nyumba. Nsimire alimshika dada yake. Kisha aliingia ndani, akatoka na mfuko mdogo.

"Yaya, dada yangu, watu wasiseme nilikaa bure," alisema. "Nilimupa dawa. Siku tatu nilimupa, asubuhi na jioni, namna daktari alisema."

Clémentine aliupokea mfuko akautazama. Hakuujua. Zacharie, aliyeketi pamoja na wanaume, aliujua. Aliona yule mzee mwenye koti jeupe mikononi mwa mke wake.

Aliinuka, akaenda nyuma ya nyumba, akafungua simu. Kulikuwa na mazungumzo mamia ambayo hakuwa ameyasoma. Akatafuta mpaka akakuta jina, Mama Grâce wa Salamabila.

Nsimire alikuwa ameandika: "Daktari, mutoto anawaka moto tangu jana, anatapika." Jibu lilikuwa: "Pole mama mpendwa. Endelea na unga, homa inatoka taratibu." Siku ya pili: "Daktari, sasa anashituka-shituka, macho yanageuka. Nimupeleke kwa manesi?" Jibu: "Usiogope, mama. Ongeza kijiko kimoja. Uko katika mikono salama." Ujumbe wa tatu ulikuwa neno moja, "Daktari," nao ulijibiwa kwa upole kama ule wa kwanza.

Kituo cha afya kiko mwendo wa robo saa kutoka nyumba ile.

Zacharie alirudi akakaa. Alikula chakula cha matanga, akashikana mikono na watu, simu ikakaa mfukoni siku mbili. Walipoanza safari ya kurudi, dereva alisimama katika kijiji kimoja kujaza mafuta. Hapo, kando ya barabara, Zacharie alimpa mke wake simu. Clémentine alisoma yote akiwa amesimama. Alisoma tena. Kisha akauliza, "Na majani niliyokausha?"

"Ni hayo," alisema Zacharie.

Clémentine alimgeukia dereva. "Turudishe Salamabila," akasema. Na kwa mume wake: "Utamwambia wewe mwenyewe. Mimi sitakusaidia hata neno."

Zacharie alipiga magoti juu ya mkeka mbele ya Nsimire na Lwamba, akasema yote. Aliyataja majani, picha, sentensi aliyoifuta. Lwamba alimsikiliza mpaka mwisho, akainuka akaondoka kuelekea machimboni, na watu wawili wakamfuata wakihofia asije akajidhuru. Nsimire alibaki.

"Ile siku nilikuuliza kama nimupeleke kwa manesi," alisema, "ni wewe ulinijibu?"

"Hapana, shemeji. Ilikuwa mashine."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Zacharie aliniambia kwamba swali hilo ndilo linalomwamsha kila asubuhi. Siku ile, saa ile, alikuwa Kasongo akichagua viti. Alimjibu Nsimire hivyo hivyo, kwa kuwa hakutaka kuongeza uongo mwingine. Nsimire akajifunika uso kwa kitenge, wala hajasema naye hadi leo.

Clémentine alibaki Salamabila na mdogo wake. Zacharie alirudi peke yake, akajipeleka mwenyewe kwa wakubwa wa serikali, na shauri lake bado linaendelea. Kwenye ukurasa aliweka uso wake mwenyewe na jina lake, akaandika kwamba daktari hayupo, unga si dawa, na mtoto amekufa. Wengi walimtukana. Lakini ndugu zangu, kilichonitoa machozi ni wale wengine. Siku hiyo hiyo, chini ya maneno yale yale, watu kumi na zaidi waliandika: "Daktari, unga unapatikana wapi?"

FUNDISHO

Kazi zinabadilika, na mtu aliyepotewa na kazi ana haki ya kutafuta nyingine, kwenye mtandao au sokoni. Akili bandia si uchawi. Katika hadithi hii mashine ilisema kweli mara ya kwanza, na mtu akaifuta ile kweli kwa sababu haikumletea faida. Wewe unayetafuta maisha kwa simu, usiuze neno usiloweza kulisema mbele ya jirani yako ukimtazama machoni. Usimwache anayelia akijibiwa na kitu kisichosikia kilio, nawe ukachukua malipo. Atakayedhurika si mgeni wa mbali. Ni mtoto wa nyumba fulani, na nyumba hiyo yaweza kuwa ya kwenu.

Nasi tunaosoma na kutuma tuulize kwanza: anayesema hili ni nani, anakaa wapi, nani anamfahamu? Mimi sikuuliza.

Na wewe mzazi, mtoto akiwaka moto, weka simu chini, umbebe, umpeleke kwa manesi.