Nguo Isiyofungwa Fundo

Mie Mwanapili binti Usi, fundi wa cherehani hapa Jang'ombe, nna kiburi. Nakiri. Wenzangu wanashona kila nguo kwa sindano moja mpaka ikatike. Mie sivyo. Kitambaa nikikishika kwa vidole viwili tu, nshajua sindano yake. Hariri na melimeli, namba tisa. Bafta, kumi na nne. Kaki, kumi na nane. Ukikosea, ama kitambaa kinavutika nyuzi, ama sindano inakurukia usoni.

Jioni hiyo, mwaka wa hamsini na nne, nlikuwa ndiyo kwanza narudi kutoka Darajani kununua sindano. Magharibi ilikuwa imekaribia. Mwanangu Wanu, miaka sita, alikuwa amejilalia mkekani, mzima wa afya. Nikawasha kandili.

"Hodi..."

Mwanamke, kajifunika buibui mpaka macho. Nikamkaribisha kiti, hakukaa. Akaniwekea kitambaa cheupe mezani.

"Nishonee kanzu ya mtoto," akanong'ona. "Sasa hivi. Uzi wangu huu hapa. Na mwisho usifunge fundo."

"Kipimo?"

"Kama huyo wako aliyelala."

Ningemfukuza palepale! Lakini kitambaa kilinipumbaza. Nlikishika... sikukijua. Mara chepesi, mara kizito. Tena kikinuka kafuri.

"Kimekushinda?" akauliza.

Ala! Mie nishindwe na kitambaa? Nikakata, nikatia namba tisa, nikazungusha mkono wa cherehani.

Tk. Tk. Tk.

Wanu akaguna usingizini.

Sindano ikapinda. Nikatia kumi na nne.

Tk. Tk.

"Mama... kitu kinanichoma."

"Lala, mwanangu. Mbu hao."

Mbu! Mwenyezi Mungu anisamehe. Sindano ikakatika. Kiburi kikanipanda, nikatia kumi na nane. Safari hii ikapita bila ya taabu, na mie nikafurahi, wallahi nlifurahi.

Wanu akapiga ukelele.

Nikamrukia, nikamfunua. Ubavuni mwake palikuwa na mstari wa vitundu vyekundu. Mwanzo vidogo, kisha vikubwa, kisha vikubwa zaidi. Vimepangika sawasawa.

Ulikuwa mshono wangu.

Nikautazama ule uzi kwenye mwanga wa kandili. Haukuwa uzi wa dukani. Ulichomolewa kwenye kitambaa kile kile. Marehemu mama yangu alikuwa mwosha maiti kwetu Makunduchi, na mie nikimshikia beseni tangu mdogo. Sanda kwetu hushonwa kwa uzi uliochomolewa humo humo, wala haifungwi fundo. Nlilijua hilo kabla ya kujua kushika mkasi. Nlikuwa nahangaika na sindano, sikujiuliza nashona nini.

"Maliza," akanong'ona. "Umebaki ubavu mmoja."

Wanu alikuwa anahema kwa tabu, midomo imemkauka. Yule mwanamke akanyoosha mkono aishike cherehani amalize mwenyewe. Nikamwahi. Nikazikamata ncha mbili za uzi.

"Bismillahi."

Nikafunga fundo.

Nikafunga la pili. Nikafunga la tatu, nikalikaza kwa meno. Nguo yenye fundo ni ya aliye hai.

Wanu akavuta pumzi ndefu, akaniita.

Yule mwanamke hakukasirika. Aliitazama nguo, akaiacha pale pale mezani. Akatoa kwapani kitambaa chengine, cheupe vile vile.

"Fundi mwengine yuko wapi?"

Jamani, mie nlitaka aondoke tu. Nlitaka atoke nyumbani mwangu, basi.

"Bi. Borafya," nikasema. "Mlango wa tatu, mkono wa kulia."

Borafya ni shoga yangu tangu usichana. Ana mtoto mmoja tu, Hija, rika la Wanu.

Nikatia komeo, nikamkumbatia mwanangu. Ningeweza kutoka. Ningeweza hata kupiga kelele dirishani, angenisikia. Sikufanya. Nliogopa asije akarudi kwangu.

Ikaadhiniwa magharibi. Adhana ilipokwisha, nikasikia cherehani ya Borafya.

Nikamsikia Hija analia.

Cherehani ikaendelea. Hija akanyamaza...

Alizikwa kesho yake asubuhi. Wengine wakasema homa, wengine wakasema kachukuliwa na wachawi. Yule mwanamke ni nani, mpaka leo sijui. Ile nguo niliyoifunga mafundo niliichoma moto, na Wanu akalalamika joto siku tatu.

Matangani Borafya alinikumbatia, kanilowesha bega kwa machozi.

"Alikuja mwanamke na kazi ya haraka, shoga yangu. Simjui, hanijui. Sijui nani alimwelekeza kwangu."

Nikamfuta machozi kwa kanga yangu.

"Hata mie sijui," nikamwambia.