Bata wa Dada Nurzat

Kwaa! Kwaa! Kisha kimya. Kisha tena: kwaa!

Bektur aliruka kutoka kitandani na kukimbilia chumba cha mbele. Alimkuta dada yake, Nurzat, amepiga magoti akizungusha ufunguo wa bata wa kuchezea.

"Dada, umerudi utotoni?"

"Niko kazini," Nurzat alicheka.

Nurzat alikuwa anasomea shahada ya uzamili ya saikolojia hapo mjini Osh, na utafiti wake ulihusu uongo wa watoto. Kesho yake watoto wa mtaa wangekuja hapo nyumbani. Mtoto angekaa ameipa meza mgongo, asikie sauti ya kitu kilicho mezani na kubahatisha ni kitu gani. Kisha Nurzat angemwambia asigeuke, naye angetoka kidogo. Kamera iliyofichwa, ambayo wazazi peke yao waliijua, ingeonyesha kama mtoto amechungulia. Nurzat akirudi, angemuuliza: "Uligeuka?"

"Watoto wakiujua mtego huu, kazi yangu imekwisha," alisema. "Siri ni yangu na yako."

"Yangu na yako," Bektur alijibu, kifua mbele.

Mchana ule uwanjani, Sanjar alimwona akija akapaza sauti. "Jamani, kaka wa daktari wa vichaa huyo! Fungeni midomo, asije akatusoma!"

"Dada yangu hatibu vichaa."

"Anatibu bata, basi! Tumemsikia. Msichana mzima, kwaa, kwaa!"

Wenzake waliangua kicheko. Bektur alihisi masikio yakiwaka moto, na ulimi ukamponyoka.

"Cheka tu! Kesho kuna kamera itakutazama na hutaiona. Ukigeuka, amekunasa!"

Kicheko kilikatika ghafla. Bektur alifurahi kwa muda wa kupepesa jicho tu.

Kesho yake watoto wa mtaa waliingia mmoja mmoja, na kila mmoja alikaa wima kama nguzo. Hata Sanjar, ambaye darasani hatulii kama kuku aliyeona mwewe, hakusogeza shingo. Bektur alizunguka uani, akaingia, akatoka. Alimimina chai akaisahau. Usingizini alimsikia bata.

Wiki iliyofuata Nurzat alirudi kutoka chuoni macho mekundu. Mama alikuwa amekwisha kutandika kitambaa cha chakula na kuweka mkate.

"Msimamizi wangu ameukataa utafiti," Nurzat alisema. "Hakuna hata mtoto mmoja aliyechungulia, naye anasema watoto wa namna hii hawapo duniani. Anadhani niliwafundisha. Nisipokuwa na maelezo kesho, nitafukuzwa."

Mama alimgeukia Bektur. "Wewe ulitoa neno nje?"

"Mimi? Hapana, mama."

"Haya, shika mkate uape."

Bektur alificha mikono mgongoni. Katika nyumba ile mkate hauchezewi. Waliamini kwamba anayeuapia uongo, mkate wenyewe humpiga. Lakini Nurzat aliurudisha taratibu mkono wa mama ulioshika mkate.

"Mwache, mama. Bektur hajawahi kunidanganya. Neno lake linanitosha."

Afadhali angempiga kofi.

"Dada, ni mimi," alisema huku akilia. "Walikucheka. Nilitaka wakuogope."

Nurzat aliinuka. Aliondoka akaacha chai yake ikipoa.

Asubuhi walikwenda pamoja kwa msimamizi, Bibi Zuura, mama mtu mzima mwenye miwani mizito. Bektur alisimama mbele ya meza yake akaeleza yote, bila kumtupia Sanjar lawama.

"Uliposema 'hapana', moyo ulikuwaje?" Bibi Zuura aliuliza.

"Kama yule bata, Bibi. Haukunyamaza."

Bibi Zuura alicheka hadi miwani ikamteleza. Kisha alimgeukia Nurzat. "Tupa yote. Anza upya na watoto wa ng'ambo ya mto. Nakupa muda hadi majira ya kuchipua." Alimtazama tena Bektur. "Nawe sikiliza, mwanangu. Kumtetea mtu kwa kuitoa siri yake ni kumbomolea nyumba ili upate kuni za kumpikia. Na uongo uliofuata ungemla dada yako mzima. Ukweli wako umechelewa, lakini umemwokoa."

Waliporudi nyumbani, Bektur aliketi na kuunyoshea mkate mkono.

"Nataka kuapa, dada."

Nurzat aliusogeza mbali. "Mkate ni wa kula. Niambie hivi hivi."

Bektur alimtazama machoni. "Wakikucheka tena, nitavumilia. Na nikikosea, nitakuja kukwambia kabla hujaniuliza. Naahidi, dada."